Mara Saba

Zamu ya kabeji imekwisha, saa kumi na moja alfajiri,
mikono bado inanuka majani na klorini.
Danute akasimamisha gari kabla ya daraja:
kuna kitu mferejini.
Yeye kakulia na barafu, anazijua sauti zake.
Mimi nilidhani ni mfuko wa plastiki.

Bibi alizoea kusema, mbwa hafi maji akiona ufuko.
Bibi hakuiona mifereji ya Spalding:
imechimbwa kwa rula, kingo zimesimama wima,
mbwa anauona ufuko, uko juu ya pua yake,
na anakufa.

Tulimvuta kwa mtandio wangu na mkanda wa Danute.
Mrefu, rangi ya jivu, kiuno cha nyigu,
mguu wa mbele umevimba kama muhogo.
Shingoni kidonda cha mraba, kazi ya kisu:
hapo ndipo ilipokaa chipu,
punje ile inayotaja jina la mwenyewe.
Kumbe mtu anaweza kulichimbua jina lake
katika nyama ya mwingine
kisha akaenda kunywa chai.

Mavuno yakishaondoka mashambani, magari huja.
Wanaume huweka dau,
mbwa wawili, sungura mmoja, simu zinarekodi.
Sungura wa ngano zetu hushinda kwa maneno.
Wa huku ana miguu tu.
Na mbwa naye ana miguu tu;
siku mmoja ukiteguka kwenye kona
hesabu yake imefungwa.

Nikwambie kweli, niliogopa.
Si meno. Mate.
Nimelelewa Pangani, chuoni kwa Maalim Shekue:
mbwa akilamba chombo, kioshe mara saba,
mojawapo kwa udongo.
Na huyu, ndani ya gari, kanilalia pajani,
akakilamba kiganja changu polepole,
kama mtu anayesoma barua asiyoiamini.

Glenys Ablett alitupokea na gauni la kulalia, viatu vya mpira.
Ghala lake zamani lilihifadhi maua ya kusafirishwa.
Sasa lina mbwa kumi na wanne
na kila mmoja ana hofu yake:
huyu fimbo, yule tochi,
yule wa pembeni, mlango wa gari unapofungwa.
Hakuuliza sisi ni nani. Alijaza beseni.
"Mwoshe wewe," akasema. "Mkono wako kaukubali."

Beseni la kwanza lilitoka jeusi.
La pili jeusi. La tatu lilikuwa na damu.
Sikuwa nahesabu, halafu nikajikuta nahesabu.
Udongo sikuutafuta,
alikuja nao mwenyewe, ule mweusi wa kabeji,
hadi ndani ya masikio.
La saba, niliuona uso wangu ndani yake,
na taa, na pua yake ikinywa.

Nyumbani nikaosha mikono, nayo mara saba,
udongo nikauchota kwenye chungu cha mnanaa dirishani.
Nikaswali, nikalala na viatu.

Jumamosi nikarudi.
Nikarudi na Jumamosi nyingine.
Mguu ulipona upande; hukimbia kama mtu mwenye deni la hatua moja.
Glenys alitaka jina la kuandika kwenye fomu.
Kwetu jina la mbwa ni fumbo la kumrushia jirani:
Hawajui, Wataisoma, Tutabanana Hapahapa.
Nilifikiri sana, maana jirani wa kurushiwa hayupo,
aliondoka usiku ule, taa za gari zimezimwa.

Nikasema: aitwe Mwenyewe.

Glenys hulitafuna, hulitema Menyewi,
na mbwa hainui kichwa.
Mimi nikiita, sikio moja husimama,
la pili bado linafikiria.

Siku mtu akija getini kuuliza
mbwa huyu ni wa nani,
nimeshamfundisha Danute jibu, silabi kwa silabi:
wa Mwenyewe.